Kidole Kabla ya Koleo

Leo ni Jumamosi, tarehe 22 Juni 2024. Nilishuka kutoka kilima chetu cha Masisi kukimbia vita, mwezi wa tatu mwaka 1993, nikiwa na mke wangu, godoro moja, na kitabu cha anatomia kilichopoteza jalada njiani. Ni miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Naanza na hesabu hii kwa sababu ninyi mliofanya kazi nami mnajua kwamba sijawahi kufungua tumbo la mtu kabla ya kutazama saa ya ukutani.

Mheshimiwa mwakilishi wa afya wa mkoa. Daktari Mkurugenzi wa hospitali yetu. Padri na Mchungaji, mliopatana nani aombe kwanza bila kuhitaji kamati. Madaktari wenzangu, wauguzi, wafua nguo wa chumba cha upasuaji na fundi wa jenereta. Wazee wa mtaa wa Ndosho, majirani zangu. Mabwana na mabibi mlioalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmesikia harufu ya chakula: nawasalimu wote. Nakusalimu kwa jina Papa Munguakonkwa, mchinjaji wa ng'ombe. Protokali imekuweka kiti cha nyuma kabisa, na mimi, kwa mamlaka ya saa zangu za mwisho kazini, nakuomba uje mbele. Njoo, Papa. Watu watajua sababu sasa hivi.

Nina maswali mawili ya kujibu. La kwanza ni la Daktari Mkurugenzi. Wiki iliyopita alinishika mkono uani akaniambia, "Muzee, usiende kabisa. Ukae karibu na telefone. Siku damu itakataa kusimama, tutakuita." La pili ni la watu wa kwetu, walionitumia ujumbe wakiuliza, "Sasa kazi imeisha, utarudi lini kilimani?" Kwa wote wawili nilisema nitajibu leo, mbele ya watu. Nitajibu kabla ya chakula, naahidi. Lakini jibu langu lina historia, na historia hiyo iko chini ya ini la binadamu, mahali padogo kuliko kiganja.

Wale ambao si wa kazi yetu wanivumilie. Chini ya ini kuna fungu lenye unene wa kidole gumba, na ndani yake mna njia tatu zinazopita pamoja. Moja ni mrija wa nyongo. Ya pili ni ateri, inayoleta damu nyekundu kutoka moyoni. Ya tatu, nyuma yao, ni mshipa mpana tunaouita mshipa wa mlango, unaokusanya damu nzito kutoka matumbo na kongosho na kuiingiza kwenye ini. Zinapita pamoja, zimebanana, na katika mtu ambaye mawe ya nyongo yamemtesa kwa miaka, zinakuwa zimegandamana ndani ya kovu moja kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Ukichana mshipa hapo, shimo linajaa damu kabla hujamaliza kusema jina la Mungu. Na sasa nauliza: mkono wako utafanya nini?

Mkono wangu ulijua jibu, na jibu lake lilikuwa la hatari. Maana mimi na wenzangu wa rika langu tulijifunza upasuaji kutokana na risasi. Ni nani hapa asiyekumbuka miaka ile? Walikuja wanane kwa mara moja, kumi na wawili kwa mara moja, wamebebwa juu ya milango iliyong'olewa, juu ya pikipiki, migongoni mwa ndugu. Katika tumbo la risasi, anayebana haraka ndiye anayeokoa. Unatia koleo, kile kibanio chetu cha chuma, pale damu inapotoka, unasikia likifunga, tak, unafunga kamba, unajaza vitambaa, unamrudisha mgonjwa wodini apate joto, na kesho kutwa unarudi kumaliza. Ni kazi njema. Imewaokoa watu waliomo humu. Siitukani. Lakini tuliifanya kwa miaka mingi mno, mpaka mkono ukasahau kwamba kuna mgonjwa wa namna nyingine: yule anayekuja kwa miguu yake.

Mwezi wa saba mwaka 2009 alikuja mgonjwa wa namna hiyo. Aliitwa Laurent, mfugaji wa milima yetu ya Masisi, aliyeshuka mjini kila wiki kuuza jibini. Alikuwa na mawe ya nyongo. Alipanda mezani mwenyewe, akanitania kwa Kihunde, lugha ya kwetu, kwamba ng'ombe wake akiwa na tatizo kama hili humla. Katikati ya operesheni damu ikaruka. Nikabana mara tatu. Sekunde ishirini, damu imesimama. Muuguzi mmoja akasema, "Muzee iko na mukono!" na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sikuwa nimeona nilichokibana. Siku ya nne macho ya Laurent yalikuwa manjano. Ndani ya koleo langu nilikuwa nimeingiza mrija wa nyongo na ateri ya upande wa kulia wa ini, nikafunga vyote viwili kwa kamba nzuri, fundo zuri, mafundo yangu yalisifiwa sana. Alikufa siku ya ishirini na tatu. Siku ya ishirini aliniambia kitu ambacho nimekisikia kila asubuhi tangu hapo. Alisema, "Docteur, mimi nilikuja na miguu."

Mke wake aliniuliza uani, "Nini ilimuua?" Nikajibu, "Ugonjwa, mama."

Mabibi na mabwana, nasema haya hadharani kwa kuwa nilikwisha kuyasema faraghani kwa mwenye haki ya kuyasikia kwanza. Ilinichukua miaka miwili. Mama Séraphine, mjane wa Laurent, ana kibanda cha cherehani Ndosho, si mbali na kwangu, na kwa miaka miwili nilizunguka njia nyingine ili nisipite mlangoni pake. Siku moja nilipita. Ameniruhusu nisimulie, amekaa pale, mstari wa tatu, mwenye miwani.

Nilimwambia, "Mama Séraphine, nilikudanganya."

Hakusimamisha cherehani. "Najua."

"Unajua?"

"Siku ile uliongea na viatu vyangu, Docteur."

Basi nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi sasa: fungu, njia tatu, koleo. Alishona mpaka mwisho wa pindo. Kisha akanyanyua mguu kutoka kwenye kanyagio, akasema, "Na sasa hiyo mikono, unaifanyisha nini?"

"Umenisamehe, mama?"

"Sijasema nimesamehe. Nimeuliza."

Nilikwenda nyumbani, nikafungua vitabu vyangu, vile nilivyo navyo, vingine nakala za kurudufu zenye kurasa zilizopinda, nikasoma upya juu ya kushona mishipa iliyojeruhiwa katika upasuaji wa ini, nyongo na kongosho. Vyote vilisema jambo moja: usibane usichokiona. Weka kidole. Simamisha damu kwa kidole, mwambie anayemlaza mgonjwa usingizi, omba damu ya akiba, pitisha utepe nyuma ya fungu zima na ulikaze taratibu, tazama saa, futa, angalia, na hapo ndipo ushone. Kusoma kulikuwa rahisi. Lakini mkono haujui kusoma. Mkono unajifunza kwa kurudia. Ningerudia juu ya nani? Juu ya Laurent mwingine?

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa Papa Munguakonkwa.

"Docteur, batu banakulaka ini," aliniambia baada ya wiki chache, mbele ya wateja wake wote. "Weye unaishona. Ilikukosea nini?"

"Niachie mishipa yake mirefu, Papa. Usiikate karibu."

"Mishipa! Wenzako wanaomba nyama, weye unaomba mabomba. Bibi yako anakula nini kule?"

Kwa miaka kumi na mitatu, kila Jumamosi, Papa huyu amekata maini ya ng'ombe kwa namna ambayo hakuna mchinjaji mwingine anayekata, akiacha mishipa mirefu kwa ajili yetu, na kila Jumamosi ametutukana. Hakuna cheti kwa kazi hiyo. Ndiyo maana amekaa mbele leo.

Na hivyo ikaanza ile ambayo ninyi madaktari vijana mnaiita, nadhani bila upendo, meza ya Muzee. Mnaijua. Wageni hawaijui. Kila daktari anayetaka kugusa nyongo ya mtu katika hospitali hii huchana kwanza mshipa wa ini la ng'ombe, kisha huushona kwa uzi mwembamba kama unywele. Tunaujaza mshipa huo chai nyeusi, tunaulaza juu ya kitambaa cheupe, na tunahesabu kwa sauti mpaka mia tatu. Kitambaa kikipata doa, anaanza upya. Kisipopata doa Jumamosi tatu mfululizo, anaruhusiwa.

Kitambaa kilitoka kwa Mama Séraphine. Alikuja Jumamosi ya tatu, sikumwita, akasimama nyuma yangu huku nikishona mshipa wangu wa kwanza wa maana. Mimi niliona kazi safi. Yeye akainama.

"Unavuta sana," akasema. "Angalia. Kumekunjana kama kiuno cha sketi."

"Nikilegeza, mama, itavuja."

"Ukivuta, haitapita kitu. Utakuwa umefunga tena."

Kitabu changu kilisema jambo hilohilo: acha fundo legevu kidogo, kwa kuwa damu ikirudi mshipa hutanuka, na uzi uliovutwa huunyonga. Nilikuwa nimelisoma mara kumi. Sikulielewa mpaka fundi wa nguo aliponigombeza. Wiki iliyofuata alileta kipande cha shuka nyeupe, amekipiga pindo pande nne, akasema, "Weka hii chini yake. Yenyewe haitaongea na viatu."

Sasa nifike mahali nilipotaka kufika.

Alhamisi, tarehe 7 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi. Mgonjwa ni Mama Henriette, muuza maharagwe, mzaliwa wa Butembo. Mnamwona pale akicheka. Alikuja kwa miguu yake na aliondoka kwa miguu yake, basi msiogope. Mawe katika mrija wa nyongo, kovu la miaka mingi. Anayeongoza ni Daktari Christa. Mimi ni msaidizi wake, ng'ambo ya meza. Papa Julien yuko kichwani pa mgonjwa, na dawa zake za usingizi. Nje jenereta inakohoa kama kawaida yake.

Daktari Christa alikuwa akitenganisha kovu kidogo kidogo, vizuri, bila haraka. Na kovu likaachia vibaya. Damu nzito, ya rangi ya mvinyo, ikajaa. Ule mshipa wa nyuma.

Nilikuwa nimefundisha "kidole kabla ya koleo" kwa miaka kumi na mitatu. Nimeiandika ukutani kwa mkono wangu. Nimewafukuza watu mezani kwa ajili ya maneno hayo manne, wengine wamo humu na bado hawajanisamehe. Na asubuhi ile, bila kumwuliza mtu, bila hata kuniuliza mimi, mkono wangu wa kulia ulichukua koleo kwenye sinia na kushuka nalo ndani ya damu.

"Papa, hapana," akaniambia Daktari Christa.

Mkono uliendelea kushuka.

"Papa Ézéchiel! Rudisha koleo. Kidole."

Hakuna aliyewahi kunipigia kelele katika chumba kile tangu kilipopakwa rangi. Na kidole cha Daktari Christa kilikuwa kimekwisha kufika. Kilikaa juu ya shimo, damu ikasimama, na yeye hakunitazama. Alitazama pale mkono wangu ulipokuwa mpaka mkono ukatoka.

"Papa Julien," akasema, "iko damu mingi. Unipatie dakika."

"Chukua, mama. Niko naye. Pressioni ya damu iko sawa."

"Muzee, utepe."

Nikampa utepe. Nilikuwa msaidizi, na kwa mara ya kwanza siku ile nilifanya kazi ya msaidizi. Akapitisha kidole cha mkono wa pili nyuma ya fungu, akapitisha utepe, akaukaza, akasema, "Saa." Papa Julien akaanza kuhesabu dakika kwa sauti. Akafuta. Akaangalia. Na ndipo akanyanyua kidole chake, taratibu, mimi nikaona.

Mpasuko ulikuwa na urefu wa punje ya haragwe. Mbele yake, umebanwa na kovu, ulipita mrija wa nyongo, na ateri ya kulia pembeni yake. Vyote viwili vilikuwa palepale koleo langu lilipokuwa likienda. Si karibu. Palepale. Ningevifunga vyote viwili kwa fundo zuri, na damu ingesimama, na labda mtu angesema Muzee ana mkono.

Daktari Christa alishona. Dakika kumi na moja kwa saa ya Papa Julien. Mwishoni akaacha fundo limelegea kidogo, akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Kama kiuno cha sketi, Muzee?" Nikasema, "Hapana. Iko sawa." Akalegeza utepe. Mshipa ukajaa, ukatanuka, ukalichukua fundo lake. Akaweka kitambaa cheupe juu yake na kuhesabu, si mpaka kumi kama wengi wanavyofanya. Alihesabu mpaka mia tatu, kwa sauti, na Papa Julien akahesabu naye, na muuguzi akahesabu, na mimi. Akanyanyua kitambaa. Kilikuwa cheupe.

Daktari huyu, niwaambie, alifaulu kwenye meza yangu Jumamosi ya kumi na tisa. Wengine walifaulu ya sita, ya saba. Naitaja idadi kwa sababu aliniomba nisiitaje. Mara kumi na nane alitazama doa la chai, akachukua ini jingine. Je, mlitaka mtu wa namna gani awe na kidole chake juu ya mshipa wenu? Aliyefaulu upesi, au huyu?

Jumatatu yake niliandika barua ya kustaafu. Wengine wamesema ni macho, wengine ni mgongo, na nimesikia hata kwamba nimekosana na uongozi. Hapana. Macho yangu ni mazima. Nilistaafu kwa sababu nina mkono uliojifunza kwanza vita, na siku ya hofu mkono hurudi kwenye somo lake la kwanza. Niliufundisha somo la pili kwa miaka kumi na mitatu, na ulilishika vizuri siku zote za utulivu. Lakini mshipa haupasuki siku ya utulivu.

Basi, Daktari Mkurugenzi, swali lako. Nakushukuru kwa heshima uliyonipa, na nakataa. Siku damu itakataa kusimama, usinipigie. Nitakwambia kitakachotokea ukinipigia: daktari kijana ataweka kidole na kungoja, akitazama mlango, badala ya kupitisha utepe, na nikifika, mkono utakaoingia ndani ndio huu. Mgonjwa hahitaji mzee anayekuja. Anahitaji mtu aliyepo. Nakuomba badala yake jambo moja, na naliomba mbele ya mheshimiwa mwakilishi na mbele ya wagonjwa wenyewe, ili lisipotee katika makaratasi: meza ya Jumamosi isisimame. Isisimame kwa mikutano, isisimame kwa wageni, isisimame hata vita vikikaribia tena, maana ndipo mikono yetu hujifunza ubaya kwa haraka. Na daktari yeyote, awe na diploma za wapi, asiguse nyongo ya mtu kabla kitambaa hakijabaki cheupe mara tatu. Umeitikia kwa kichwa, Daktari. Watu mia mbili wameona. Nakushukuru.

Daktari Christa, njoo. Hiki ni kitambaa cha tano. Vinne vya kwanza vilikwisha kwa madoa, mengi ni yako. Mama Séraphine alikipiga pindo jana. Kichukue. Meza ni yako kuanzia Jumamosi ijayo, na Papa Munguakonkwa ameniahidi kwamba atakutukana kwa kiwango kilekile.

Kuna swali la pili, na hili ni fupi zaidi, ingawa limenichukua muda mrefu kuliko lile.

Niliwaeleza kwamba katika upasuaji wa vita unajaza vitambaa, unafunga, na kusema utarudi kesho kutwa kumaliza. Nimeishi hivyo katika mji huu. Nyumba yangu Ndosho ni ya mbao juu ya lava iliyoganda ya volkano, nilisema itatosha mpaka turudi. Vitabu vyangu viko ndani ya masanduku, si rafuni, mpaka turudi. Kila mwaka nilihesabu mwezi wa tatu, nikajiambia bado kidogo. Kilima nakijua bado: njia inapoacha barabara, kisima, mahali baba yangu alipofunga ng'ombe waliozaa. Naweza kuwachorea. Lakini huwezi kumwacha mgonjwa na vitambaa tumboni kwa miaka thelathini na moja na kuita huko kusubiri. Mwezi uliopita nilinunua mbao, nikamwita seremala, tukajenga rafu. Vitabu vimetoka. Kile cha anatomia kisicho na jalada kiko mwanzo kabisa, na daktari kijana yeyote anayetaka kukisoma, mlango uko wazi, kahawa ipo.

Nawashukuru wote. Nakushukuru wewe, mke wangu, uliyelala na harufu ya ini la ng'ombe kila Jumamosi. Nawashukuru mlionihesabia dakika. Nakushukuru, Mama Henriette, kwa kupona. Na wewe, Mama Séraphine: swali lako la mwaka ule sasa lina jibu. Mikono hii imefundisha mingine, na sasa itapumzika.

Asanteni kwa masikio yenu na kwa subira yenu; najua wali unapoa. Kwenye chumba cha upasuaji sitarudi. Na kilimani, ndugu zangu, sitarudi.